Bahasha ya Dirisha la Pili

Maegesho ya malori
3 Machi

Kitinda,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Hongera, tena na tena. Habari ya kazi yako niliipata kwa Mama, kisha kwa wifi yako, kisha kwa Mama tena kana kwamba mara ya kwanza sikusikia. Mpima uzito wa malori! Ukoo mzima wa watu wa kubebeshwa mizigo, leo tumepata mmoja wa kuipima.

Kuhusu simu nimeelewa. Kila mwisho wa mwezi wanakagua namba ulizoongea nazo, na ukikutwa na namba ya dereva au ya mwenye malori, kazi huna. Ndiyo maana naandika, mimi ambaye tangu darasa la saba kalamu naishika kwa kuweka sahihi tu. Barua zangu nitampa Mzee Breki, yule dereva mwenzangu mwenye ndevu nyeupe, maana anapita kwenye mizani yenu kila wiki. Ataziacha kwa fundi pancha, ng'ambo ya barabara, nawe utazichukua ukitoka kazini. Za kwako mwachie fundi huyohuyo. Mzee Breki hafungui barua za watu. Kusoma hajui, na hata angejua, uvivu ungemshinda.

Mimi mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri. Halafu, kaa vizuri: Tajiri amenipa lori jipya! Viti bado vina nailoni. Tuko madereva ishirini na mmoja hapa, wengine wamenitangulia miaka kumi, na lori nimepewa mimi. Ukiuliza kwa nini, ni uaminifu. Wenzangu wamenuna, salamu wanaitikia kwa pua.

Zamu zako ni zipi? Nataka kujua tu. Naandikia kwenye usukani na foleni ya kutoka imeanza kusogea. Yule wa nyuma ananipigia honi mimi, Honi mwenyewe!

Kaka yako,
Honi


Kituo cha mizani
11 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yako ina alama ya grisi na imekunjwa mara sita, lakini nimeisoma mara tatu. Hongera ya lori. Hao walionuna waache wanune, chuki za kazini hazina dawa.

Mimi nimepanga chumba kimoja chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Kazini pia nina dirisha, dirisha la pili. Lori linapanda juu ya bamba, namba zinatokea kwenye skrini, nabonyeza, karatasi inatoka. Dereva anashuka na kuniletea hati za mzigo. Kazi ni hiyo tu, mtoto wa shule angeiweza, kama si hati zenyewe. Ndani ya hati kuna noti iliyokunjwa mara nne, na mwenyewe akishanipa anageuka kuangalia mbali, eti kaona ndege. Siku ya kwanza nilidhani mtu kasahau hela yake. Nikamwita kwa sauti, "Kaka, umeacha hela huku!" Foleni nzima ilicheka. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini kwenye tairi.

Tangu siku hiyo nazirudisha kwa rula. Sizitaki mkononi. Naisukuma noti taratibu mpaka ukingo wa dirisha, mwenyewe aichukue. Basi jina langu hapa sasa ni Rula.

Shida ni jioni. Zamu ikiisha wanagawana, na fungu langu wanalitia kwenye droo yangu, chini ya daftari. Nimerudisha mara mbili. Msimamizi wa zamu akaniita pembeni, mpole kweli, akaniambia, "Binti, hapa asiyekula ndiye anayetiliwa shaka. Mkono mtupu haulambwi, na wa kwako una wino tu." Wakacheka wote. Nami nilicheka, nikajichukia. Sasa kila asubuhi naifungua droo yangu nikiwa na hofu.

Halafu mbona sijakuona? Malori ya tajiri wako yanapita kila siku, la kwako hapana. Au unanikwepa? Wiki hii niko zamu ya asubuhi, wiki ijayo ya mchana, tunapokezana hivyo.

Mdogo wako,
Kitinda


Njiani
19 Machi

Kitinda,

Marahaba. Ndiyo, nakukwepa! Ningekuwa na mzigo halali ningekuja dirishani kwako nimevaa suti.

Ngoja nikueleze, maana wewe umeiona barabara kutoka dirishani, mimi nimeiona kutoka kwenye usukani miaka kumi na mitatu. Tajiri ananipa mshahara mdogo na pesa ya njia kubwa. Pesa ya njia ndiyo ya vizuizi saba na mizani mbili, kwenda tu. Nikimalizana na askari kwa bei ndogo, kinachobaki ni changu, ndicho kinachosomesha watoto. Ndiyo maana napatana na askari kama mama anayenunua nyanya. Yeye anajua, mimi najua, Tajiri anajua, kila mtu anajua, na kila mtu akiulizwa anasema hajui.

Sasa, hela ya kulipa vizuizi inatoka wapi? Kwenye tani za ziada. Na kwa nini tunalipa vizuizi? Kwa sababu ya tani za ziada. Ukianza kutafuta kipi kilitangulia kichwa kitakuuma, mimi niliacha. Kuna mwenye malori mmoja aliamua kupakia halali. Bei yake ikapanda juu ya bei za wenzake, wateja wakamkimbia, leo anauza matofali. Penye udhia penyeza rupia, walisema wazee, na wazee wenyewe hawakuwahi kuendesha lori la saruji.

Wewe rudisha fungu lao, lakini kimyakimya. Usiwahubirie. Mtu anayekataa kula watu humvumilia. Anayewaambia wenzake mnakula haramu, huyo anatafuta kaburi lake kwa tochi.

Asante kwa zamu, nimeziandika kwenye kiganja. Nitakuwa napita wakati hupo, usije ukaona haya kunipima. Mama akiuliza, mwambie nitatuma wiki ijayo. Usimwambie zaidi ya hapo.

Honi


Chumbani kwangu
27 Machi

Kaka, shikamoo.

Nimwambie Mama wiki ijayo ipi? Anasema hujatuma kitu tangu mwezi wa kwanza. Mimi nilimtetea, nikasema lori jipya lina gharama. Akaniuliza, "Tangu lini dereva analinunulia lori la mtu mafuta?"

Na wifi kaniambia mmeuza friji. Lori jipya, friji mmeuza. Kaka, hesabu hii haikubali. Kuna mwanamke? Sema tu, nitakutukana nimalize. Unaumwa? Unacheza kamari? Siku hizi nikiona lori lenye nailoni kwenye viti nadhani ni wewe, na si wewe. Nakaa nikihangaika na mambo ambayo ungeyamaliza kwa sentensi moja.

La muhimu zaidi, soma hapa mara mbili. Juzi wameweka kamera mbili juu ya madirisha yetu. Mkaguzi kutoka makao makuu atakuwa anaziangalia mwenyewe, na sisi hatuambiwi lini. Hapa watu wamekuwa wema ghafla, hata noti hazikunjwi tena dirishani, zimehamia sijui wapi. Kwa hiyo, kama siku moja utapita zamu yangu, usinipe kitu chochote. Hata peremende, hata salamu ya Mama kwenye karatasi. Mpe fundi pancha.

Fundi anasema Mzee Breki anapita kesho kurudi huko, kwa hiyo hii utaipata Jumamosi.

Kitinda


Foleni ya mizani
2 Aprili

Kitinda,

Niko kwenye foleni ya kwenu. Mbele yangu kuna malori thelathini na mawili na paa la ofisi yenu naliona. Mzee Breki hajaonekana tangu wiki iliyopita, kwa hiyo kama ulinijibu sijui. Barua hii nitakupa mwenyewe dirishani. Isome kabla hujabonyeza, tafadhali.

Nimekudanganya. Lori sikupewa kwa uaminifu. Siku Mama alipopiga simu kuniambia umepata kazi nilikuwa karakana, furaha ikanizidi, nikapayuka mbele ya kila mtu, "Dada yangu yuko mizani!" Tajiri akaniita ofisini saa hiyohiyo, akanikaribisha kiti. Miaka kumi na mitatu sijawahi kukalishwa kiti mle ndani. Akasema, "Basi sasa tuna mlango wetu wenyewe." Nami badala ya kumwambia huyu binti humjui, nilitikisa kichwa kukubali. Kiti kilikuwa laini, Kitinda, nikikudanganya hapo Mungu ananiona.

Akanipa lori. Akaongeza tani. Kisha akakata pesa ya mizani yenu, eti unapitishwa na damu yako, ya nini kulipa? Kukuambia naogopa, kumwambia yeye naogopa. Basi nikawa napita wakati wewe hupo na msimamizi wako yupo, na kumlipa kutoka mfukoni kwangu, kila safari, kwenda na kurudi. Mshahara ukaisha, ya Mama ikaisha, friji ikaenda, viti vikafuata. Wifi yako anadhani nina mwanamke. Mwanamke ningemwacha. Hili nitaliachaje?

Leo Tajiri kanipangia mwenyewe saa ya kupita, msimamizi hayupo, na mfukoni nina leseni na kitambaa. Nimezidisha tani sita, labda na zaidi.

Usidhani nimekuonea wewe peke yako. Ninaowalipa ni wengi, hawa ni baadhi: sajini wa darajani mwenye jino la dhahabu, wale wawili wa njia panda wanaogawana kiti kimoja, karani wa mizani ya kwanza, askari wa kilimani anayejifanya kiziwi mpaka aone noti, na msimamizi wako, anayepokea kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia, anasema, ni wa chakula. Majina kamili ya wote na kiasi cha kila mmoja nimeandika nyuma ya karatasi hii, pamoja na jina la Tajiri na langu. Sijui kwa nini nimeandika. Nimechoka kuyabeba peke yangu.

Nipitishe, mdogo wangu. Mara moja tu. Nikirudi namwambia Tajiri ukweli, naapa. Yamebaki malori manne.

Kaka yako


Chumbani kwangu
6 Aprili

Kaka,

Shikamoo leo sina.

Noti za watu nazisukuma kwa rula. Bahasha yako niliona mwandiko wako juu yake, nikaichukua kwa mkono, nikaitia mfukoni, nikakutabasamia. Nilidhani ni habari za watoto. Barua zangu nasoma wakati wa mapumziko. Nikabonyeza. Tani sita na nusu zaidi. Nikakuambia, "Egesha pembeni, Kaka," nikiona fahari kwamba na ndugu yangu nampima sawa na wengine. Ukaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa mpaka saa ya mapumziko, nilipoisoma.

Ningeisoma kwanza, sijui ningefanya nini. Hilo ndilo linalonitesa. Nazunguka chumba hiki hatua tano kwenda, tano kurudi, na bado sijui.

Kumbe barua yangu ya tarehe 27 hukuipata. Mzee Breki anasema ekseli ilimkatikia mlimani, akakaa siku nane na barua mfukoni, akisubiri spea, leo kashuka huku kuifuata na atakuletea zote mbili. Nilikuandikia kuna kamera, Kaka! Nilikuandikia hata peremende usinipe!

Juzi waliniita. Mkaguzi wa makao makuu, mama mmoja mnene asiyecheka, mkuu wa kituo, na msimamizi. Wakanionyesha kwenye skrini: dereva anatoa bahasha, mimi natazama huku na huku, natia mfukoni. Kweli nilitazama huku na huku. Niliona haya kupokea barua kazini. Nikasema ni barua ya ndugu yangu, na lori lake nimelizuia, karatasi ipo. Msimamizi akasema kwa upole, kama mwalimu wa hesabu, "Alipokea, akaona haitoshi, akamzuia. Hufanyika." Bila shaka hufanyika. Yeye ndiye anayefanya.

Mkaguzi akasema, kama ni barua, ilete. Nimesimamishwa kazi, na nimepewa mpaka tarehe 14, saa nne asubuhi. Nisipoileta nafukuzwa na faili linakwenda polisi. Simu yangu wamechukua. Wenzangu wakaniaga kwa furaha kama mtu anayeolewa.

Barua ninayo, iko chini ya godoro. Nikiitoa, nimepona. Nikiitoa, wewe umekwisha: leseni, kazi, na jela, maana anayetoa ana kosa sawa na anayepokea, nawe umejiandika kwa jina kamili. Watoto wanne wananiita shangazi. Nifanye nini? Niambie wewe, wewe ndiye mkubwa.

Kitinda


Karakana
9 Aprili

Kitinda, mdogo wangu,

Barua yako ya kamera nimeipata pamoja na hii, siku moja. Nimezisoma zote mbili nimesimama. Nisamehe. Najua neno hilo ni jepesi kuliko tani sita na nusu, lakini sina jingine.

Ichome. Ichome leo, kisha unisikilize. Humu nimeweka barua nyingine. Tarehe ni ileile, karatasi ni ileile, bahasha nimeipaka grisi kidogo ili ifanane. Ina habari za mguu wa Mama, shule ya watoto, na mwisho nimeweka dua. Wape hiyo. Ni nzuri, hata mimi nilipomaliza kuiandika nilikaribia kulia.

Na usiogope kikao. Nimeshaongea na msimamizi wako. Nilimfuata nyumbani kwake, akanikaribisha sebuleni, mtoto wake akaniletea maji. Anasema hana ubaya na wewe, alikuwa anajilinda tu. Akiona barua yoyote yeye atasema imemtosha, na mkuu wa kituo humfuata anachosema. Yule mama wa makao makuu atabaki peke yake. Amenitajia kiasi, nimempa nusu, nusu baada ya kikao. Nimekopa kwa watu, usiulize wangapi.

Tajiri hajanifukuza bado. Anasema mambo yakitulia nitarudi kwenye lori. Yakitulia, Kitinda! Basi tuyatulize. Siku nzima nazunguka karakana, nafungua boneti za magari yasiyo yangu, nafunga. Wifi yako hajui. Mama hajui. Barua ile ikisomwa, nani atawalisha? Nilikubeba mgongoni kuvuka mto ulipokuwa na miaka minne. Sikukumbushi kwa ubaya.

Wape hii nyingine, halafu tutacheka siku moja.

Kaka yako


Chumbani kwangu
11 Aprili

Kaka,

Kwa hiyo umeninunulia usafi wangu. Nilikuwa nao, Kaka! Nilikuwa nao bure!

Nimekaa na barua yako ya mguu wa Mama mapajani mchana kutwa. Ni nzuri kweli. Una kipaji, ungekuwa mtu wa vitabu. Na ndiyo iliyoniumiza kuliko ile ya kwanza, maana ile ya kwanza, hata ulipokuwa unaniomba mabaya, ulikuwa unaniambia ukweli. Hii ina dua, na ni uongo mtupu kuanzia tarehe.

Nikiwapa, nimekuwa kile wanachosema nimekuwa. Nitarudi dirishani, msimamizi atanitia fungu kwenye droo, nami nitarudisha kwa mdomo gani? Atanitazama tu. Atajua, nami nitajua kwamba nakaa pale kwa sababu nimelipiwa. Na lori lako likipanda kwenye bamba, utakuja dirishani ukiniangalia kama mtu anayenidai.

Nimeichana vipande vinne, nakurudishia.

Ile ya kweli nayo nakurudishia, iko humu, haikunjuki vizuri lakini ni nzima. Siwezi kuipeleka. Nilijaribu. Jana nilivaa, nikafika mpaka kwa fundi pancha, nikakumbuka mwanao wa mwisho anavyolala na mkono wako kichwani, nikarudi. Sitakutaja. Wala sitadanganya. Tarehe 14 nitaingia mikono mitupu, watakachoamua na waamue. Usinielewe vibaya, sifanyi ushujaa. Naogopa.

Lakini barua ni yako, uliiandika wewe. Ifanye unavyotaka. Ukiichoma sitakuuliza, na Mama sitamwambia mpaka naingia kaburini.

Mto nakumbuka.

Kitinda


Nyumbani
13 Aprili

Kitinda,

Nimeipata. Mzee Breki kaniletea mwenyewe mpaka mlangoni, akanitazama, akasema, "Barua hii inazidi kuwa nzito kila nikiibeba." Akaondoka bila kunywa maji.

Mara mbili nimewasha kiberiti. Mara ya pili wifi yako aliuliza kuna nini, ikabidi nimwambie. Nimemwambia yote. Akaniambia, "Afadhali ingekuwa mwanamke."

Kesho napanda basi la kwanza. Nikifika sijui nitafanya nini, usinitegemee sana. Najijua.

Kaka yako


Getini, mahabusu
21 Aprili

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia mambo uliyoyafanya wewe mwenyewe, utasema nimepungukiwa. Lakini wewe ulikuwa unasoma, macho kwenye karatasi. Hukuona. Mimi niliona.

Kikao kiliisha saa tano. Sikusema kitu, na wao hawakuhitaji kitu. Msimamizi aliangalia mlango mara mbili, akiisubiri barua yako ya mguu wa Mama, ilipokosekana akanikasirikia kweli. Nikafukuzwa. Faili kwenda polisi. Nikakaa kwenye ngazi nje nikivaa kiatu kilichokuwa kimevaliwa na kufungwa vizuri tu, sikujua nikivae au nikivue. Basi lenu, nimesikia baadaye, lilizuiwa darajani saa mbili nzima kwa sababu kondakta hakuwa na kitu cha kumpa yule wa jino la dhahabu. Ukaja unakimbia, shati nje, saa sita kasoro, na mkaguzi alikuwa ameshaingia kwenye gari.

Ukamnyooshea bahasha dirishani. Mama yule akapandisha kioo haraka, akapiga kelele ndani kwa ndani, "Wewe! Mimi sipokei!" Uwanja mzima uliangua kicheko. Madereva walipiga honi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka huku nalia, maana dereva akinyoosha bahasha, duniani nani atasema ni barua?

Nilidhani utarudi nyuma. Ukasimama mbele ya gari lake ili lisiondoke, ukaifungua, ukaanza kusoma kwa ile sauti yako waliyokuita Honi kwa ajili yake. Hukuona kioo kikishuka kidogo kidogo. Ulipofika kwenye kile kiti laini, dereva wa lori la mafuta alizima injini ili asikie, na wa nyuma yake akazima, na wa nyuma yake. Sijawahi kusikia kituo kile kimya. Ulipogeuza karatasi ukaanza majina, karani wa dirisha la kwanza aliinuka akaondoka bila mkoba wake. Msimamizi alikuwa anatabasamu. Alitabasamu hata ulipomtaja. Ila ulipomaliza ukaongeza ambalo halikuandikwa, nusu uliyompa sebuleni na glasi ya maji aliyokuletea mtoto wake, hapo ndipo tabasamu lilipoondoka. Na kabla ya kugeuza karatasi, ulipofika kwenye "nipitishe, mdogo wangu", ungeweza kuruka. Nilikuwa naomba uruke. Ulisoma neno kwa neno, ukanitafuta kwa macho, nami nilishindwa kuinua mkono.

Wewe ndiye aliyekamatwa, maana ndiye uliyekuwa karibu. Msimamizi amepewa likizo yenye malipo mpaka uchunguzi uishe. Sajini bado yuko darajani. Tajiri ametangaza kwamba hakujui, na viti vya lori vimeshavuliwa nailoni na mtu mwingine. Wifi na watoto wako kwa Mama. Mama amekasirika siku mbili, ya tatu ameuliza unakula nini.

Mimi wamenirudishia kazi, barua ya makao makuu imekuja na mhuri mkubwa. Natakiwa kuanza Jumatatu ijayo. Nitakwenda. Nitakaa dirishani palepale, na akija atakayekula nikiwa pale, ale akijua namwona. Nawe nitasimama mahakamani kusema ulichofanya, chote, kibaya na kizuri, wanipime nacho wanavyotaka. Nilikukasirikia mpaka nikakonda, na sijamaliza kukukasirikia. Lakini sina kaka mwingine, na kama wangenipa nichague, nisingemtaka mwingine.

Jambo la mwisho. Askari wa getini hapa ameishika barua hii, ameipima mkononi, akasema barua za kuingia leo zina chai yake. Zisizo na chai hukaguliwa Ijumaa. Leo ni Jumatatu. Kiasi chenyewe ni kidogo, ninacho, kiko mfukoni, na nilikigusa, sikufichi. Kisha nikamwambia nitasubiri. Akacheka, akanionyesha benchi.

Basi ukiisoma hii, ujue ni Ijumaa, na mimi bado niko hapa nje.

Mdogo wako,
Kitinda